Mjini kote huna pa kukaa bila kuagiza soda!

Wiki hii sina udaku wa mtu yeyote. Nina swali moja tu, na nawauliza vijana wenzangu wa Bugarama, Kakola, Kahama, Geita na kokote kule ambako vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai.

Swali lenyewe ni hili. Ni Jumapili, saa kumi jioni. Umeoga, shati umelinyoosha, umekutana na mtoto wa watu mwenye adabu zake, na mnataka mkae mzungumze saa moja tu. Unampeleka wapi?

Usikimbilie kujibu. Ukisema baa, muziki wa pale utawafanya mzungumze kwa kupigana makelele kama watu waliosimama ng'ambo mbili za mto. Ukisema mgahawani, mhudumu atakuja kusimama juu yenu na kitambaa cha kufutia meza, anafuta pale pale mara tatu, maana yake agizeni au ondokeni. Ukisema gesti, bwana wewe nia yako tumeshaijua, na kama yeye ni mjanja atapanda bodaboda ya kwanza inayopita. Nyumbani? Mama yupo, wadogo zako wapo, na shangazi kaja kutoka kijijini makusudi kabisa kuangalia nani anaingia na nani anatoka. Mkisema msimame kando ya barabara, likipita lori moja mtabadilika rangi wote wawili, mtafanana kama mapacha.

Umeona mambo hayo? Mji mzima, maduka kibao, gesti kila kona, lakini pa kukaa bure hakuna. Ukikaa popote ni lazima uwe na kitu mkononi, hata soda ya moto. Asiye na hela ya soda, huyo mji wetu unamtaka awe anatembea tu, asikae.

Na msinielewe vibaya, si habari ya wapenzi peke yao. Kuna mama ana watoto watatu ndani ya chumba kimoja, anatamani apate mahali wakimbie bila kugongwa na pikipiki. Kuna mwanafunzi wa kidato cha nne anatafuta kivuli asome. Kuna mshikaji katoka zamu ya usiku, chumba chake cha bati mchana ni tanuri, anatafuta mti tu alale. Kuna mzee anataka kuwaona wazee wenzake bila kupita kilabuni. Wote hao wanatafuta kitu kimoja. Wenzetu wa miji mikubwa wanakiita bustani ya umma.

Sisi bustani yenye maua na chemchemi hatuna. Tuna uwanja wa mpira. Lakini ukiutazama vizuri uwanja ule, hiyo ndiyo bustani yetu, na una ratiba kali kuliko ya shule ya bweni.

Alfajiri ni wa wakimbiaji na wanaofupisha njia kwenda kazini. Jua likichomoza wanapita wanafunzi, halafu mbuzi na ng'ombe wa jirani wanakuja kufanya kazi ya kukata majani ambayo hakuna anayewalipa. Saa nne wanaingia wanaojifunza pikipiki, wanazunguka kwenye magoli mpaka mmoja aingie ndani ya goli na pikipiki yake, watu washangilie bao. Mchana wa jua kali unakuwa mtupu, isipokuwa chini ya mwembe pembeni, pale bao linachezwa na siasa ya dunia nzima inamalizwa kabla ya saa nane. Saa kumi ndiyo vurugu yenyewe, maana timu ya wakubwa inataka uwanja wote, watoto wanataka kona, mabinti wanataka kucheza netiboli, na muuza karanga anataka wote wabaki. Jioni zikija spika za mkutano wa injili, mpira unaisha hata kama ni sare. Na mwaka wa uchaguzi? Hapo hata ng'ombe wanasubiri kampeni ziishe.

Na hakuna aliyewahi kuandika ratiba hiyo. Haijabandikwa ukutani, wala haina katibu. Watu wameipanga wenyewe kwa kuzoeana, kwa kununiana kidogo, na kwa kupatana tena. Ugomvi upo, nisiwadanganye. Nimeshuhudia mchungaji na kocha wakibishana nusu saa nzima, mmoja anasema saa kumi na moja ni ya Bwana, mwingine anasema dakika za nyongeza nazo ni za Bwana. Mwisho kocha alipewa dakika kumi, na mchungaji akapata wasikilizaji ishirini na mbili wenye jasho ambao hakuwategemea.

Kugawana uwanja kwa watu wa huku si jambo la kufundishwa na mzungu. Usukuma nzima inajua habari za Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa tangu enzi za mababu. Mavuno yakiisha, wanakutana kwenye uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile. Huyu anapiga ngoma upande huu, yule anapiga upande ule, kila mmoja na vituko vyake, mwingine mpaka anatoa chatu. Watazamaji wako huru, wanakimbia huku, wanarudi kule. Atakayewavuta wengi ndiye mshindi. Hakuna kiingilio cha kumzuia maskini, wala kamba ya kumtenga mgeni mashuhuri. Kule Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo ya kila mwaka bado inawakusanya watu kwa mtindo huo huo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waafrika hatuna utamaduni wa bustani za umma, mwambie aje mwezi wa sita aone.

Sasa tutoke kidogo nje ya vumbi letu. Pale Unguja, mbele ya bahari, kuna bustani ya Forodhani. Ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub kwenye kiti, na wakati huo iliitwa kwa jina la jubilei hiyo. Sultani na kiti chake wamebaki kwenye vitabu vya historia, bustani imebaki kwa wananchi. Nayo ina zamu zake. Mchana ni ya wanaopumzika kivulini na watoto. Jioni vijana wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mchezo wenyewe wanauita makachu, na mgeni anayepiga picha anaona bora kuliko sinema. Jua likizama, meza zinapangwa, taa zinawaka, mishikaki inaanza kunukia, urojo unapakuliwa, miwa inakamuliwa. Mwenye hela anakula. Asiye na hela anakaa ukutani na upepo wake, na hakuna mhudumu wa kumfutia meza mara tatu.

Bustani hiyo iliwahi kuchoka vibaya. Ikafungwa, ikakarabatiwa na mfuko wa Aga Khan unaoshughulikia utamaduni, na kufunguliwa tena mwaka 2009. Nilichokipenda mimi ni kwamba waliporudisha maua hawakuwatupa wauza vyakula. Waliwapangia mahali pao, na wengine wakapata pao. Tulishike hilo, tutalihitaji mbele.

Maana sasa nakuja kwenye linaloniuma. Ule uwanja wetu niliowasifia, mimi niliucheza nikiwa darasa la tatu, pekupeku, mpira wa makaratasi. Ulikuwa mkubwa, ukipiga mpira nje unatuma mdogo wako na maji ya kunywa. Siku hizi ukipiga shuti kali linagonga ukuta wa mtu. Pembeni imeibuka fremu moja ya duka, ikazaa ya pili. Halafu siku moja tukakuta bikoni imepandwa karibu na kibendera cha kona. Tukiuliza ni ya nani, kila mtu anatazama pembeni. Mkubwa mmoja, jina namhifadhi, alituambia tusiwe na wasiwasi, ni "kipande kidogo tu". Jamani, uwanja hauliwi wote kwa siku moja. Unaliwa kama mkate wa wageni, kila apitaye anakata kipande kidogo tu, mwisho mnabaki mnatazama sahani.

Na kwenye ukanda wa dhahabu ardhi inaliwa haraka kuliko kwingine. Watu wa huku wanajua maana ya kuamka mahali si pako tena. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni. Mwaka 1999 mgodi ukanunuliwa na Barrick ya Kanada, mwaka 2001 ukaanza kuzalisha. Tangu hapo kila mwenye akiba anatafuta kiwanja, kila kiwanja kinapanda bei, na eneo lisilo na jengo linaonekana kama hela iliyoangushwa njiani. Ukisema hapa watoto wanacheza, unaulizwa, "Kwani kucheza kunalipa?"

Wenzetu wa Nairobi waliulizwa swali hilo hilo, ila wao waliulizwa kwa ghorofa. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969 na Rais Jomo Kenyatta, kila Jumapili familia zinajaa. Mwaka 1989 ukaja mpango wa kujenga pale jengo la ghorofa 60 la chama tawala na gazeti lake. Ghorofa sitini, ndani ya bustani! Profesa Wangari Maathai akapinga kwa barua, moja baada ya nyingine. Alitukanwa bungeni, akaambiwa mwanamke hapaswi kubishana na wakubwa. Hakunyamaza, wafadhili wakaanza kusita, mradi ukafa. Mama huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kwa hiyo mkituona tunagombania kibendera cha kona msitucheke.

Hapo hapo Nairobi kuna bustani nyingine ndogo, Jeevanjee, katikati kabisa ya jiji. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa mwaka 1906 iwe ya wananchi. Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kuweka maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wenzake wakapinga, na bustani ikabaki. Matokeo yake, mchana wa kazi utakuta mhubiri anahubiri huku, karani anakula mahindi kule, asiye na ajira kalala kwenye nyasi, na kwenye mabenchi kuna kikundi kinajiita Bunge la Mwananchi, wanabishana mambo ya nchi bila posho hata senti moja. Wote ndani ya kipande ambacho ukitembea kwa mguu unakimaliza kwa dakika chache.

Sasa sisi hatuna profesa wala mjukuu wa tajiri. Tuna nini? Nikaenda kumuuliza babu mmoja jirani, mzee aliyechunga ng'ombe kabla mgodi haujajulikana. Nikamweleza habari ya bustani ya umma, akacheka. "Mjukuu wangu," akasema, "hiyo si ni ngitili? Sema mnataka ngitili ya watu."

Nikabaki mdomo wazi. Kwa wasiojua, hasa nyie mliozaliwa mjini mkakuta ng'ombe kwenye mchuzi, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma wanalifunga mvua zikianza. Hakuna kuingiza mifugo. Majani yanaota, miti inapumua. Kiangazi kikikolea, kwingine kote kukiwa kumekauka, ndipo ngitili inafunguliwa kwa utaratibu. Kuna ngitili ya kaya na kuna ngitili ya kijiji kizima. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anaitwa mbele ya dagashida, mkutano wa jadi, anatozwa faini, na sungusungu wanahakikisha analipa.

Na si hadithi za babu tu. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti mpaka Mwalimu Nyerere akaogopa kuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimebaki zilihesabiwa kuwa hekta 600 hivi. Badala ya kuleta maajabu kutoka ng'ambo, wataalamu wakawaambia wananchi wafufue ngitili zao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Dunia nzima ilipiga makofi, na sisi tuliozaliwa humu humu tunasema hatujui kutunza eneo la wazi!

Nikamuuliza babu siri ya ngitili ni nini. Akasema ni mambo matatu. Mpaka unajulikana na kila mtu. Muda wa kuingia unajulikana. Na aibu ya kuvunja inamkuta mwenye ng'ombe mia sawasawa na mwenye ng'ombe wawili. "La tatu likifa," akasema, "hayo mawili ya mwanzo hayana kazi."

Basi tuyachukue kama yalivyo tuyapeleke uwanjani.

Kwanza mpaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba kijiji kinaweza kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, mkutano mkuu wa kijiji ukaidhinisha, na ikaandikwa kwenye daftari la kijiji. Ni mkutano mkuu, yaani wewe na mimi, si watu wawili chini ya mwembe. Palipoingia mipango miji kuna Sheria Na. 8 ya mwaka 2007, na eneo la wazi linatakiwa lionekane kwenye ramani. Kwa hiyo swali la kuuliza mkutanoni ni moja: uwanja wetu umeandikwa wapi? Kama umeandikwa, tuonyeshwe. Kama haujaandikwa, uandikwe kabla bikoni ya pili haijaota. Vijana tatizo letu mkutano ukiitishwa tunasema ni wa wazee, tunakwenda kuangalia mpira kwenye luninga. Tutaangalia mpira wa Ulaya mpaka tukose pa kuchezea wa kwetu.

Pili, matumizi. Ile ratiba isiyoandikwa tuizungumze kidogo, maana ina mapungufu yake. Dada zangu wa netiboli kila siku wanaambiwa wasubiri wanaume wamalize, na wanaume wanamaliza giza likiingia. Hiyo si kugawana. Wapewe siku zao mbili kwa wiki, saa kumi kamili, na atakayeleta ubishi apewe sketi acheze nao tuone kama ataweza. Wavuta bangi wa ile kona ya nyuma nao waambiwe ukweli, kwa sababu yao kuna mabinti wanazunguka njia ndefu jioni. Taa moja tu pale ingefanya kazi ya sungusungu kumi. Muuza karanga, mama wa mihogo na kijana wa miwa wasifukuzwe, wapangiwe upande wao, wafagie wanapofungia. Forodhani wameweza kwa maelfu ya watu, sisi tutashindwa kwa meza nne?

Tatu, hela. Najua kuna atakayesema bustani ni anasa, shule bado hazijatosha na zahanati inahitaji dawa. Sawa, hapo sibishani. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kila mwaka kampuni ya mgodi inatakiwa ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kuisaidia jamii. Simwambii mtu apunguze darasa hata moja. Nasema kwenye orodha ile ndefu kuongeza mabenchi kumi, bomba moja la maji, taa mbili na miche hamsini ya miarobaini hakutaangusha bei ya dhahabu. Na kama hawataki, uzio wa minyaa hauhitaji mfadhili. Unakata matawi kwa jirani, unachomeka mvua zikianza, basi. Boma la babu yangu lilizungushiwa hivyo na mpaka leo limesimama.

La aibu nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo gumu. Siku tukimkuta mwenye fremu anasogeza ukuta, tumwambie. Siku tukimkuta mshikaji wetu mwenyewe anatupa mifuko na chupa golini, tumwambie vile vile. Tusichague wa kumwambia kwa kuangalia gari lake.

Jumapili hii saa kumi, timu zote mbili zimekubaliana kuanza mechi na nusu saa ya kufagia uwanja, na mabinti wa netiboli wamesema watakuja na majembe ya kuchimba mashimo ya miche. Wewe na huyo mtoto wa watu, badala ya kuhangaika na soda ya moto, njooni. Mtakaa chini ya mwembe, mtazungumza mpaka mchoke, na hakuna atakayewauliza mnaagiza nini. Ila njooni na ndoo ya maji.

Wiki ijayo Mungu akipenda.